Majogoo wa Mama Daphrose

Daphrose Mukunde anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1993, baada ya kufanya kazi miaka ishirini na saba katika kituo chetu cha kuku hapa Gatsata. Maelezo ya Kifaransa yaliyo upande wa pili wa programu hii yameandikwa na uongozi. Haya ya Kiswahili, kwa ajili ya majirani na wafanyabiashara wa soko la Nyabugogo tuliowaalika, nimeachiwa mimi, Évode Sibomana wa chanjo. Nimeusoma ule upande wa pili. Unasema kwamba mwaka 1991 Mama Daphrose aliacha kitengo cha uzalishaji “kwa ombi lake mwenyewe”. Hakuomba. Sikubali aage kazi huku uongo huo ukisomwa kwa sauti mbele ya wageni.

Alifika hapa akiwa msichana aliyetoka chuo cha mifugo, akapangiwa kuokota mayai. Kufikia mwaka 1987 alikuwa mkuu wa uzalishaji, na ndipo alipoanza kazi iliyompa jina: kupandisha mitetea wa kienyeji kwa majogoo wa kizungu wekundu. Kuku wetu wa kienyeji ni mgumu, anajitafutia, lakini anakua taratibu mno. Wa kizungu anakua haraka, lakini anataka kulishwa na kubembelezwa kama mgonjwa. Yeye alitaka chotara mwenye kifua cha baba na akili ya mama.

Mitetea aliwanunua mwenyewe Nyabugogo, kwa mwuza kuku mmoja, Mzee Shafiq wa Rwezamenyo. Walikuwa wakigombana kila wiki. Mama Daphrose alikuwa anamfungua kuku kamba na kumwachia, na kama hakukimbia, hamtaki. Siku moja mmoja alikimbia kweli, akapita chini ya malori, na mkuu wetu wa uzalishaji akamfuata kwa magoti huku wapagazi wakimshangilia. Alirudi na matope mpaka kwenye nywele, kuku kwapani. “Huyu ndiye,” akasema. “Mama, wewe iko mteja ya taabu sana,” Shafiq akamjibu, “lakini hii kuku umeifanyia kazi, sasa ulipe.”

Machotara wa kwanza alimpelekea Shafiq huyo huyo aonje, maana alisema mizani haina ulimi. Mzee akatafuna, akafikiri, akatoa hukumu: “Ya kizungu iko na maji mingi. Hii yako iko na nyama, tena iko na ladha.” Mwaka baada ya mwaka alichagua jogoo mzito katika kila kundi, akawaondoa waliobaki, akapandisha tena. Mapema mwaka 1991 alikuwa na majogoo kumi na wawili ambao watoto wao, wakifika umri wa kuchinjwa, walimzidi kuku wa kawaida kwa zaidi ya nusu kilo.

Agosti ya mwaka huo Mkurugenzi alimwoza binti yake. Jumamosi hiyo Mama Daphrose alikuja kupima vifaranga, akakuta banda la majogoo liko wazi na halina kitu. Akamkuta dereva wetu, Mutsinzi, akiosha gari.

“Majogoo wangu wako wapi?”

“Mama, mimi nimetumwa. Patron alisema nipeleke jikoni kwake. Kuna harusi.”

“Washa gari.”

Mutsinzi ndiye aliyenisimulia yaliyofuata, na leo yuko hapa, anaweza kuulizwa. Walikuta tisa wameshanyonyolewa. Watatu walikuwa bado hai, wamefungwa miguu pembeni ya sufuria. Mama Daphrose, na mabuti yake ya bandani, akapita katikati ya wapishi na kuanza kuwafungua. Mkurugenzi akatoka, amevaa suti.

“Daphrose, kuna nini? Ni kuku tu! Jumatatu utanunua wengine Nyabugogo.”

“Hawa hawauzwi Nyabugogo. Hawa ni mbegu.”

“Unaniharibia sherehe ya mtoto wangu.”

“Na wewe umenilia miaka minne,” akamwambia, akawabeba wale watatu, akaondoka.

Jumatatu alihamishiwa stoo ya magunia kwa kosa la utovu wa adabu. Ndilo hilo “ombi lake mwenyewe”. Mtu aliyeiba mbegu ya kituo akabaki kwenye kiti chake, na aliyeiokoa akapewa ufagio. Naandika haya kwa hasira, wala siombi radhi.

Hakuna aliyejali kilichokuwa nyuma ya stoo, na hiyo ikawa bahati yetu. Pale aliwafuga majogoo watatu na mitetea aliowanunua kwa Shafiq, akaanza upya. Uongozi nao ukajaza mabanda makuu kuku weupe wa kizungu watupu, ili wageni wapige picha. Februari mwaka huu vita viliposogea, watu waliokimbia makwao wakajaa kambini Nyacyonga, na malori ya chakula cha kuku yakaacha kuja. Wale weupe wazuri wakakaa chini, miguu ikalegea, wakafa mbele ya macho yetu. Machotara wa nyuma ya stoo walichakura mchwa, wakala maganda ya mihogo na majani ya viazi. Walikonda kidogo, kisha wakaendelea kukua. Aprili vifaranga wao wakagawiwa kina mama wa Gatsata, na Mkurugenzi akasimama mbele kuwagawa. Ule upande wa pili unauita “mpango wa uongozi”. Mama Daphrose siku hiyo alikuwa anafunga magunia.

Nilimwuliza juzi kama nimuonee huruma au nimpongeze. Akacheka. “Évode, andika kwamba kuku wamekua. Hayo mengine waachie wenyewe.” Nimemtii nusu. Kuku wamekua. Hayo mengine siwaachii, na kama keshokutwa Ijumaa nitaitwa ofisini, nitakwenda.

Asante, Mama, kwa subira yako na kwa ukali wako, hasa ukali. Asante kwa kutufundisha kushika kuku bila kumvunja mbawa na kusema neno bila kulizunguka. Msimu wa harusi unaanza mwezi ujao. Mimi na Mutsinzi tumeweka kufuli jipya kwenye banda lako, na ufunguo hauko ofisini. Nenda nyumbani ukale vizuri, ulale vizuri, uishi miaka mingi yenye heri. Majogoo wako tutawalinda.