Papa Gustave Nzanzu, mwenye fromaji ya Kirolirwe (1961–2025)

Papa Gustave Nzanzu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Musienene, Lubero, mtoto wa kwanza katika familia ya wakulima. Alisoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari Butembo. Alipokuwa mwaka wa tatu baba yake alifariki, naye akaacha masomo ili mdogo wake Floribert aendelee.

Mwaka 1984 alifika Kirolirwe akiuza chumvi na sabuni. Akapenda vilima, akapenda ng'ombe zaidi, na polepole akapata malisho yake na kibanda cha kutengenezea fromaji, yaani jibini. Alipoionja alifumba macho, na mtu akizungumza, alianza kuonja upya. Sisi watoto tulizungumza makusudi.

Tarehe 5 Agosti 1989 alifunga ndoa na Mama Céline Kaswera. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Kazi yote ilikuwa kichwani mwake. Mei 2021 alianguka malishoni, upande wa kushoto ukapooza. Alipokuwa amelazwa hospitalini Mweso, hakuna aliyejua kipimo cha dawa ya kugandisha maziwa, wala wachungaji hawakujua wamsikilize nani. Maziwa yakamwagwa. Aliporudi nyumbani akitembelea fimbo, Mama alimwambia: “Papa, ukianguka tena, miye nitafanya nini?”

Alinuna kwa muda. Kisha akamfundisha Mama, pamoja na binti yao Adelaïde, kila kipimo. Akawaita wachungaji, mdogo wake na mkuu wa kijiji, akasema mbele yao: “Nikiwa mugonjwa, muke wangu njo ataamua. Ngombe hata moja isitoke bila yeye.”

Novemba 2023 ugonjwa ulirudi, ukachukua sauti yake. Papa Floribert, kwa uchungu wa ndugu, alitaka ng'ombe wote wauzwe ili kaka yake apelekwe Kampala. Waganga wa hospitali walikuwa wamekwisha kusema kwamba sauti haitarudi. Papa Fiston, mchungaji wa miaka mingi, alisimama mlangoni mwa zizi akasema: “Tulimusikia yeye mwenyewe. Tunangoya Mama.”

Mama alikataa kuuza. Papa alikuwa kitandani, alisikia yote, na hatujui aliwaza nini. Papa Floribert alikaa miezi bila kuingia nyumbani kwetu. Baadaye alirudi, na ni yeye aliyekuwa akimwogesha kaka yake mpaka mwisho.

Karibu miaka miwili Mama alimgeuza kitandani, akaenda kwenye maziwa, akarudi kumlisha. Vita vilifunga barabara, fromaji ikaharibika, wachungaji wengine wakakimbia. Papa alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025, Mama akiwa bado anakamua.

Anamwacha mjane wake, watoto wake Adelaïde, Merdi na Archange, wajukuu wanne, na mdogo wake Floribert.

Tulitaka kuandika hapa kwamba Mama alikuwa shujaa. Alikataa. Alisema: “Muandike tu: nilichoka, na ngombe ziko.”

Papa Gustave, Bwana akupe pumziko. Na Mama naye ampe la kwake, angali hai.