Karatasi ya Theodora na Chupa ya Laurian

Benchi letu liko kwenye baraza ya duka la Vallabhdas, mjini Singida, mahali ambapo upepo wa Julai unakuzaba kofi kabla hujauliza kosa. Tunakaa watatu, na birika la Alute, muuza kahawa, katikati. Yupo Filipo, tunamwita Redio kwa sababu ndiye mwenye redio mtaani, na kwa kila uongo wake anaisingizia taarifa ya habari. Yupo Mzee Mughwai, au Methali, ana methali kwa kila jambo na hakuna hata moja inayokaa mahali pake. Wa tatu ni mimi, na mdomo wangu unaniponza tangu utoto. Mwaka ule wa sitini na tisa kamati ya maadili ya mtaa wetu ilipiga marufuku suruali za kubana. Kipimo kilikuwa chupa tupu ya soda: isipopita mguuni, nguo inachomwa moto. Chupa alikabidhiwa Laurian, mjumbe wa kamati, akawa anatembea nayo mfukoni mwa koti kama askari na bastola yake. Asubuhi hiyo akatua kwetu, kifua mbele, mkononi karatasi ya kaki.

Laurian: Nimemkamata! Theodora mkunga! Hii nimeitoa kwenye keria ya baiskeli yake. Mwenyewe yuko humo dukani, ananunua kitambaa.

Redio: Karatasi ya nini?

Laurian: Ya kukatia taiti. Anajishonea mwenyewe, anavaa ndani ya gauni. Jumamosi kamati inakaa. Zile taiti zitachomwa, na baiskeli ya zahanati hapandi tena.

Theodora ndiye anayetoka alfajiri na baridi yake, anapanda baiskeli mpaka Mgori, miiba huku na huku, kwenda kuzalisha. Wanangu wawili waliangukia mikononi mwake. Nilikasirika, na sikuficha.

Mimi: Na Mgori atakwenda nani? Wewe na chupa yako?

Laurian: Maadili ni maadili, ndugu.

Methali: Kweli. Mficha uchi hazai. Sasa mkunga mzima anaficha miguu, watoto watatoka wapi?

Alute: Mzee, kunywa kahawa.

Laurian akaiweka chupa juu ya benchi, akaizungushia ile karatasi upande mwembamba, wa kifundo cha mguu. Ikaishia katikati. Upande wa pili chupa ikabaki wazi.

Laurian: Mmeona? Haizunguki! Imefika nusu tu!

Redio: Lo! Huo si mguu wa mtu. Huo wa korongo.

Methali: Haba na haba hujaza kibaba. Ataingiza mguu kidogo kidogo.

Redio: Hebu lete. Mbona ina mishale? Na namba? Jamani, hii siyo nguo. Hii ni ramani!

Laurian: Ramani ya wapi?

Redio: Mshale huu unaelekea msitu wa Mgori. Mwingine Kintinku, kwenye reli. Jana nimesikia kwenye taarifa ya habari, mabeberu wana wapiga mbizi, wanavaa nguo ya kubana mwili mzima.

Mimi: Wapige mbizi wapi? Ziwa Kindai?

Redio: Ndiyo hapo hapo!

Alute: Ziwa lenyewe la chumvi, ng'ombe anavuka bila kulowa tumbo.

Methali: Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Laurian alikuwa ameshatoa penseli aandike "wapiga mbizi" kwenye daftari la kamati. Hapo Theodora akatoka dukani, kikapu mkononi, na Vallabhdas nyuma yake, mkasi mkononi.

Theodora: Shikamoo Mzee Mughwai.

Methali: Marahaba, mwanangu.

Theodora: Ninyi wengine siwasalimu mpaka karatasi yangu irudi. Kaka Laurian, unajua kusoma. Hapo pembeni pameandikwa nini?

Laurian: "Weka kwenye mkunjo."

Theodora: Maana yake?

Laurian akatutazama sisi. Sisi tukamtazama Vallabhdas, ambaye akaanza kuukagua mkasi wake.

Theodora: Karatasi hiyo ni nusu ya mguu. Kitambaa unakikunja, upande huo unauweka kwenye mkunjo, unakata, unakunjua, mguu unatimia. Wewe umepima nusu, ukahukumu nzima.

Vallabhdas: Na kitambaa yenyewe ni ya fulana, bwana. Navutika.

Theodora akatoa taiti nyeusi kikapuni, mshono umenyooka kabisa, akaipanua upande wa kiuno, akamnyooshea Laurian.

Theodora: Tumbukiza.

Laurian akatumbukiza. Chupa ikashuka, kitambaa kikaachia njia, ikachomoza kwenye kifundo na kubiringika barazani. Alute akapiga makofi peke yake. Ningekuwa mimi Laurian ningeenda nyumbani kulala, lakini yeye uso ulizidi kuvimba.

Laurian: Hapana! Ikiwa mkononi inapita, ikiwa mguuni inabana! Mimi shahidi! Juzi njia ya Mgori upepo ulifunua gauni lako, nikaiona kwa macho yangu, imebana mpaka juu!

Theodora: Imebana ndiyo. Nimeishona ibane. Jumamosi nitakuja kwenye kamati yenu nimeivaa.

Wakati huo mama mmoja mtu mzima alikuwa amefika, ametua tenga lake la kuku chini ya ngazi. Hatukumjua. Tukasimama wote, tukampa shikamoo yake.

Mama: Marahaba, wanangu. Mimi Marietha, natoka Issuna, nimekuja kununua uzi. Samahani, nimesikia maneno yenu. Wewe mwenye chupa, naomba kuuliza.

Laurian: Uliza, mama.

Mama Marietha: Huo upepo wa juzi ulipofunua gauni. Kama huyu binti asingevaa hicho anachovaa, wewe ungeona nini?

Laurian akaiokota chupa yake, akaisukumiza mfukoni mwa koti. Redio hakuwa na taarifa yoyote ya habari. Mzee Mughwai akatazama angani kutafuta methali, na kwa mara ya kwanza nilimwona amekosa hata isiyo mahali pake. Mimi nilicheka mpaka nikamwagia shati kahawa, na sikumwomba mtu radhi.

Theodora akachukua karatasi yake mkononi mwa Redio, akaipapasa kuondoa vumbi, akamgeukia Vallabhdas.

— Nikatie na yadi mbili za nyekundu. Hii nyeusi wameshaizoea.