Mwenye Kiwanja cha Luhembe

Padri, wazee wetu, majirani wa Kalembe na ninyi mliotoka Kibua kwa miguu, na wewe pia uliyetumwa na ofisi ya sekta kuja kuangalia tunamzika wapi, karibuni nyote. Mimi ni Constance, mtoto wake wa kwanza, muniteri, yaani mwalimu, wa shule ya primeri huko Kibua, na jamaa wamenichagua niwasomee maisha ya Papa Séraphin Bauma, kama yeye mwenyewe alivyotaka, kwa sababu, alisema, ndugu zake wa kiume wana adabu nyingi mno mbele ya wakubwa.

Papa Séraphin alizaliwa tarehe 14 Machi 1922 hapa Kalembe, mtoto wa tatu wa Papa Bauma na Mama Marie Kahindo, wakulima wa maharagwe na mihogo, akabatizwa Pasaka ya 1923, akaingia shule ya misheni mwaka 1930, akatoka 1938 na mwandiko mzuri na kichwa kigumu, na vyote viwili alikuwa navyo hadi wiki iliyopita. Alifundisha kuanzia 1941, na tarehe 1 Februari 1949 akawa sekretere wa sekta yetu. Tarehe 26 Julai 1947 alifunga ndoa na mama yetu, Élisabeth Furaha wa Kibua, baada ya kuvuka mpaka wa Masisi na Walikale mara nyingi sana, hata jamaa za mama wakafikiri ni mkaguzi wa barabara. Mungu aliwapa watoto wanne, mimi mwaka 1948, Edmond 1951, Jean-Bosco 1954 na Thacienne 1957.

Mwaka 1955 wakubwa Wabelgiji wa wakati ule waliandika mpango wa miaka mingi wa kuwakinga watu na hatari, yaani madaraja yanayochukuliwa na mto, moto wa majani wakati wa kiangazi, radi, na udongo unaoteremka mvua ikizidi, na ndani ya mpango huo walikataza mtu yeyote kujenga kwenye mteremko huu wa Luhembe. Lakini katazo lilikuja pamoja na fimbo, watu walichimbishwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko bila malipo, aliyechelewa alichapwa, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza kama katazo lenyewe lilikuwa na maana. Uhuru ulipofika, baraza la sekta lilikutana tarehe 20 Agosti 1960, likafuta makatazo yote ya mkoloni kwa siku moja, wanawake wakapiga vigelegele nje, na mkono wa kwanza kunyoshwa ndani ya baraza ulikuwa wa Papa.

Nyumba zikapanda Luhembe, kwa sababu barabara iko chini yake na maji yako karibu, na moja ilikuwa ya bibi yetu Marie. Alfajiri ya tarehe 2 Mei 1963, baada ya mvua ya siku nyingi, mlima ulishuka juu ya nyumba hizo. Tulimpoteza bibi na majirani wanane, na ndugu yetu Jean-Bosco, aliyekuwa amelala kwa bibi, hakuonekana tena, wanaume wa Kalembe walichimba mpaka wakachoka, Papa akaendelea kuchimba peke yake, hadi mama alipokwenda kumshika mkono na kumrudisha nyumbani.

Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu. Papa hakukubali Mungu asingiziwe, alisimama kanisani baada ya misa, akasema maneno ambayo wengi wenu mliyasikia: "Ni miye nilinyosha mukono. Tulisema ni mulima ya Mubelgiji. Mulima haina Mubelgiji, mulima iko mulima tu." Kuanzia Januari 1964 alianza kuupitia upya mpango ule wa zamani, kilima kwa kilima, upande wa Masisi na upande wa Walikale, hata ofisi ilipofungwa kwa sababu ya vita hakuacha, alifanyia kazi jikoni kwetu, na mama akazoea kupika sombe ya majani ya mihogo huku akizunguka ramani. Watu walimtukana, walimwambia anawarudishia mkoloni, naye aliwajibu, "Mutaro tutachimba. Fimbo hapana." Tarehe 17 Juni 1965 baraza lilipitisha mpango mpya wa miaka kumi na tano, miti ya daraja ibadilishwe kila kiangazi, vibanda vya majani sokoni viachane, kengele ya kanisa ipigwe mvua ikikataa kukoma, na Luhembe isijengwe na mtu yeyote, awe maskini au tajiri. Tangu hapo mvua kubwa zimekuja, na hatujazika mtu kwa sababu ya udongo.

Ndiyo maana hasira yangu haijapoa, na sitaificha mbele ya jeneza lake. Mwaka 1967 sekta ilipata mkubwa mpya, akaona Luhembe ni kiwanja kizuri cha maduka, akamwita Papa aufanyie mpango marekebisho, yaani aliondoe neno Luhembe tu, mengine yote yabaki. Papa alikataa, na tarehe 3 Aprili 1967 alifukuzwa kazi aliyoifanya miaka kumi na minane. Wapimaji walipokuja kupiga vigingi, aliving'oa, wakapiga tena, akang'oa tena, na Novemba 1968 walimfunga wiki mbili. Siku aliyoachiwa mama alimpikia tangu asubuhi, chakula kikapoa, kwa maana Papa alikuwa amepitia Luhembe kwanza, akafika nyumbani na vigingi begani, akamwambia mama, "Kuni njo hizi."

Alitoka kifungoni na kikohozi ambacho hakikumwacha. Alitibiwa katika dispensari ya Kibua kuanzia Februari mwaka huu, akapelekwa hospitali Agosti, akaomba kurudi nyumbani tarehe 28 Septemba, na Jumamosi tarehe 11 Oktoba 1969, saa nne ya asubuhi, akafariki mikononi mwa mama, akiwa na miaka arobaini na saba.

Siku tatu kabla alituita sote kitandani, akatuomba tumzike hapa Luhembe, katikati ya kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya duka. Edmond alimuuliza kama haogopi udongo, akajibu, "Kama mulima itashuka tena, ikute miye wa kwanza. Na mutoto wangu iko hapa tangu zamani, amelala peke yake." Asubuhi hii ofisi imetutumia ujumbe kwamba makaburi yako misheni. Tumesikia, na shimo tumekwisha kulichimba. Kwetu nyumba haijengwi juu ya kaburi, na mkubwa wa sekta anajua hivyo, kwa maana hata yeye ana wafu wake.

Tunawashukuru muganga wa dispensari ya Kibua na wauguzi wa hospitali, Padri aliyempa sakramenti, makarani wenzake waliokuja kumwona ingawa walikatazwa, Mama Mukandori jirani yetu, aliyepoteza mume mlima uliposhuka na ambaye hajakosa kuleta uji hata siku moja, na vijana waliomleta Papa mabegani hadi huku juu.

Mwezi ujao baraza litakaa tena kuubadilisha mpango, na Papa hatakuwepo. Kwa hiyo ninaomba, kabla hatujamfunika, kila anayekubali kwamba Luhembe isijengwe anyoshe mkono. Mama ameshanyosha. Padri naye. Na wewe uliyetumwa, tazama vizuri, uende ukawaambie ulichoona. Asanteni, sasa mshusheni.

Papa, umefika kwa Jean-Bosco. Pumzika, kiwanja kimepata mwenyewe.