Niliuliza Udhu, Sikuuliza Damu

Waalaykumu salaam, kina mama wenzangu. Niwieni radhi nizungumze nikiwa nimekaa. Nguvu za miguu hazijarudi zote.

Mnanijua, nasomesha watoto wenu madrasa hapa Msambweni. Leo nitataja mambo ya chooni. Wa kucheka na acheke, mimi pia nilicheka.

Ilianza damu kidogo, imechanganyika na choo. Nikasema ni bawasiri, nani hana? Nikachemsha mizizi, nikanywa. Damu ikapungua, kisha ikarudi. Choo nacho kikabadilika: leo kigumu, kesho naharisha, na nikitoka nahisi sijamaliza. Ramadhani ikaingia, nikakonda. Watu wakanisifu: "Mashallah, funga imekukubali!"

Ndugu zangu, nawaambia kweli, lililonikosesha raha ni udhu. Natawadha, damu inatoka, udhu umevunjika. Nikamwuliza sheikh kupitia kwa mkewe. Jibu likaja, na lilikuwa sahihi: tawadha kwa kila sala, kisha usali. Nikatulia. Nilipata hukumu, nikadhani nimepata dawa.

Siku moja wifi yangu alinikuta kisimani nimeegemea ukuta, nahema.

"Wifi, ndoo moja tu? Au kaka yangu amekupa mimba ya uzeeni?"

Nikamweleza habari ya damu, na jibu nililopewa. Akaacha utani.

"Sheikh amekujibu ulilomwuliza. Damu yenyewe inatoka wapi, umemwuliza nani?"

Akanipokonya ndoo.

"Basi vaa buibui, twende."

Hospitalini daktari aliuliza waziwazi, nami nikajibu huku natazama sakafu. Wakanipima: damu mwilini imepungua mno. Kumbe ndiyo sababu ya kuhema. Nikapelekwa Mombasa. Huko unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, kisha wanapitisha njia ya nyuma mpira mwembamba wenye kamera. Msiogope, aibu yake ni kubwa kuliko maumivu yake. Wakachukua kinyama kidogo, kikapimwe.

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana.

Nifahamuni vizuri: bawasiri hutoa damu, na saratani hutoa damu. Kwa kutazama tu huwezi kuzitenga. Ni lazima upimwe.

Walinipasua, wakakata kipande kibovu, wakaunga utumbo. Zikafuata dripu za dawa; vidole vikafa ganzi, hata wali wa nazi ukaninukia vibaya. Sisemi nimepona. Nasema nimetibiwa, na kila nikiitwa kupimwa tena moyo hunienda mbio.

Namshukuru Mola. Namshukuru wifi yangu, wale wauguzi, na nyinyi mliopokezana kunipikia uji. Funzo langu ni dogo: damu ikitoka, choo kikibadilika na kisirudi kama kawaida, ukikonda bila sababu, usiridhike na jina uliloupa ugonjwa wewe mwenyewe. Nenda ukapimwe mapema, ugonjwa ungali mdogo.

Nimalizie hili. Nilipotaja damu, mmoja wenu aliinamisha macho, na hajayainua mpaka sasa. Sitakutaja, mwanangu. Kesho asubuhi nitapita kwako, twende sote.