Saa ya Rahu na Bahasha ya Yazhini

Kijiwe cha kahawa kinatazamana na posta, hatua ishirini tu ukivuka barabara, na Jumanne hiyo Palanivel alishindwa kuzivuka. Mapajani alikuwa na bahasha ya binti yake Yazhini, maombi ya chuo cha uhandisi pamoja na ufadhili, na lazima ipigwe muhuri wa posta siku hiyo hiyo. Wiki mbili nzima ofisi ya tarafa ilikalia cheti cha kipato, akakipata saa tisa kasorobo. Alikuja mbio, jasho linamtiririka, mpaka pale benchini alipodakwa shati na mzee anayeitwa Kalenda.

— Unakwenda wapi wewe? Saa ya Rahu ya Jumanne ndiyo hii inaingia. Mpaka saa kumi na nusu usianze jambo lolote.

— Posta inafunga saa kumi, mzee.

— Hilo kosa la posta.

Palanivel akakaa. Maisha yake yote hajaanza jambo saa ya Rahu, pepo wa mkosi kwa Wahindu kama yeye, hata kunyoa ndevu.

Kahawa ikaletwa, ubishi ukafuata. Kalenda alishikilia kuwa barua ya saa hiyo itaishia Assam, pembe ya mbali kabisa ya India, iliwe na mchwa. Dereva, aliyeacha lori miaka kumi iliyopita lakini kaki hajaivua, akasema apewe mtu baki aipeleke, maana Rahu anamjua mwenye barua, hamjui tarishi. Akamteua Arokiasamy muoka mikate, ambaye ni Mkristo na saa hiyo haimhusu. Arokiasamy alikataa katakata. Mwaka jana alimbebea Dereva gunia kwa hoja hiyo hiyo, na hadi leo kiuno kinamuuma.

Ilipofika saa kumi kasoro dakika ishirini, Dereva alikuwa ameshavuka mipaka.

— Ingiza bahasha nusu kwenye sanduku la barua, nusu umeishika. Haijaenda, haijabaki. Saa mbaya ikipita, unaachia.

— Nisimame pale muda wote huo nimeshika sanduku?

— Kahawa tutakuletea.

Palanivel aliona aibu, maana wazo lile lilishaanza kumwingia akilini.

Ndipo Yazhini akafika na baiskeli, bado yuko na sare za shule. Akaiona bahasha mapajani, akaiona saa ya posta: kumi kasoro dakika tano. Akauliza kunani. Kalenda akamweleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama mwalimu. Binti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba yake.

— Baba, mimi nilizaliwa saa ngapi?

Benchi zima lilijua jibu. Wote walikuwepo. Ilikuwa Jumanne, saa tisa na nusu, na Palanivel alimtuma Kalenda akamsihi mkunga amwambie mama ajikaze mpaka saa kumi na nusu. Mkunga alimfukuza kwa beseni. Sasa Kalenda alikuwa anachungulia kikombe kilichokwisha kahawa, na Dereva alikuwa anafunga kamba za viatu, naye amevaa ndala.

Palanivel aliikamata bahasha. Alisimama, akavuka barabara bila kutazama pikipiki, akaisukuma bahasha dirishani.

— Bwana, tangu saa tisa nakuona umekaa pale, karani akasema. Ulikuwa unangoja nini?

Palanivel aliutazama muhuri ukishuka pembeni mwa jina la binti yake.

— Kahawa ilikuwa ya moto.