Kidoti cha Anastazia Kimesimama

Hapa Kikuyu, hatua chache kutoka kwenye lami, kuna benchi letu lenye miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo kila uongo unaozaliwa pale naupokea mimi kwanza. Siku hiyo, saa nane kasoro mchana, hata mpira hatukuuongelea. Tulikuwa tumeinamia simu ya Obedi, ambaye tunamwita Wizara kwa sababu anabeba mafaili serikalini na anaongea kama waraka. Ndani ya simu kulikuwa na ramani, juu ya ramani kidoti chekundu, na kidoti hicho ndiye Anastazia, binti wa Mzee Elieza. Alikuwa kwenye zile mbio za peke yako porini: kilomita mia mbili na themanini, kutoka vilima vya Kondoa, kupitia Haneti, mpaka karibu na Mpwapwa. Siku nne, chakula mgongoni, husindikizwi na mtu. Mwisho wa kufika ulikuwa saa kumi alasiri. Zilibaki kilomita saba, na kidoti kilikuwa kimesimama tangu saa saba.

Mzee Elieza alikaa mwisho wa benchi na simu yake kiganjani. Alikuwa na namba ya waandaaji. Akipiga, wanapeleka gari, wanamchukua binti, mbio zimeisha. Mwaka jana alipiga. Wakamkuta Anastazia amekaa zake anatoa miiba ya mgunga mguuni, mzima wa afya, wakampakia huku analia. Kwa miezi mitatu pale nyumbani ikawa shikamoo baba, marahaba, basi.

Kiberenge: Mimi nawaambia, kichwa kimeishiwa mafuta.

Huyu ni Khalidi wa bodaboda, Mrangi wa Kondoa. Hajawahi kuendesha polepole wala kuongea polepole.

Wizara: Kichwa kinatumia mafuta tangu lini?

Kiberenge: Acha bwana! Mimi nilipeleka mzigo Singida peke yangu, narudi naongea na helmeti. Na ilikuwa siku moja tu. Huyu siku nne haoni mtu! Sasa hivi yuko kwenye rizevu. Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Wizara: Hiyo inahusu nini hapa?

Kiberenge: Inahusu mafuta.

Wizara: Hapana. Kitaalamu, akili ya mtu peke yake porini ni kikao. Miguu imewasilisha malalamiko. Tumbo limewasilisha malalamiko. Usingizi umekuja bila mwaliko, umekaa kiti cha mbele. Mwenyekiti hana wa kumuunga mkono. Kikao kimekosa akidi, kimeahirishwa.

Kiberenge: Mpaka lini?

Wizara: Mpaka wajumbe watakapotaarifiwa.

Abubakari alikuwa anamimina kahawa. Yeye huwa hachangii mpaka birika lifike nusu.

Abubakari: Nyie wote hamjui. Mtu akitembea sana peke yake, akili inamtangulia. Akili ya Anastazia imeshafika Mpwapwa, imeoga, imekula. Mwili ndio umeachwa pale, unasubiri ufuatwe.

Kiberenge: Du! Sasa si irudi kuufuata?

Abubakari: Wewe ukishaoga na kula, utarudi juani?

Hapo Kiberenge akaona amezidiwa, akatafuta kubwa zaidi.

Kiberenge: Basi mimi nadhani amejisahau kabisa. Hajui yeye ni nani. Angalia saa! Saa hizi ng'ombe wote wamelala kivulini. Amekutana na ng'ombe, akalala nao, anacheua. Au ameshaolewa huko!

Wizara: Kuolewa kwa saa moja?

Kiberenge: Penye nia pana njia.

Tulicheka, halafu tukamwona Mzee Elieza hacheki. Kidole chake kilikuwa juu ya ile namba. Nikaona aibu, nikashika sindano.

Mimi: Mzee, si kile kifaa alichobeba kina kitufe cha kuomba msaada? Hajakibonyeza.

Mzee Elieza: Na kama hawezi kukibonyeza?

Abubakari aliweka birika chini. Wizara naye akaacha lugha ya waraka.

Wizara: Mzee, piga tu. Akikasirika, atakasirika akiwa hai.

Kiberenge: Usipige! Mzee wangu nakuomba, usipige. Utamvunja mtu mara mbili.

Mzee Elieza akaanza kuongea bila kututazama.

Mzee Elieza: Nikiwa kijana nilipotelewa na ng'ombe, nikamtafuta kule nyuma ya Haneti siku sita peke yangu. Siku ya tano nikawa namsikia mama ananiita, na mama alikuwa ameshakufa. Nikakaa chini. Nilikaa mpaka aliponyamaza, nikainuka. Ng'ombe nilimpata kesho yake. Angekuja mtu kunibeba pale nilipokaa, mpaka leo ningekuwa naamini kwamba siwezi.

Abubakari: Kwa hiyo?

Mzee akanipa simu yake.

Mzee Elieza: Fundi, itie ndani ya kiatu. Ukiona naitaka, nigonge nyundo.

Niliitia kwenye buti la mlinzi mmoja, nikalikalia. Mzee akashika kikombe, akanywa kahawa ya moto kwa mkupuo mmoja. Nilimwogopea yeye kuliko binti.

Saa nane na dakika kumi, Wizara akapiga yowe ambalo haliruhusiwi ofisini.

Wizara: Kimetikisika! Kidoti kimetikisika!

Kiberenge: Lete hapa! Kinakwenda mbele au nyuma?

Wizara: Mbele! Mbele, jamani!

Tangu hapo hakuna kiatu kilichoshonwa. Abiria walimwita Kiberenge, akawaambia pikipiki mbovu. Kilomita sita. Nne. Mbili. Tulihesabu kwa sauti, na wapita njia wakasimama kuhesabu nasi bila kujua wanahesabu nini. Saa kumi kasoro dakika kumi na moja, kidoti kikagusa alama ya mwisho. Kiberenge alimkumbatia Wizara. Mimi nilirusha nyundo juu, na nashukuru Mungu ilidondokea mchangani.

Haikupita muda, buti likaanza kuita. Nikamtolea mzee simu yake, Wizara akaiweka sauti kubwa.

Anastazia: Shikamoo baba.

Mzee Elieza: Marahaba. Marahaba, mama. Ulisimama nini pale?

Anastazia: Baba, utanicheka. Nilimkuta mzee amekaa njiani. Nikamsalimia kwa lugha yetu, mbukwa, kimya. Nikasema labda Mrangi, nikampa shikamoo, kimya.

Kiberenge: Warangi tunaitikia!

Anastazia: Sasa ningempitaje mtu mzima kabla hajaitikia? Nikakaa kumsubiri. Alikuwa ameinama hivi, kama wewe ukiwa umenuna. Nikamweleza yote, ya mwaka jana, jinsi ulivyoniumiza. Nikalia. Nilipomaliza nikamtazama vizuri, baba, ni kisiki!

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko. Mzee alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

Mzee Elieza: Ukafanyaje?

Anastazia: Nikajiitikia mwenyewe. Nikasema marahaba kwa sauti yote, pori zima lisikie. Nikainuka. Baba, sijawahi kujisikia hivi. Nilikuwa hata siumwi.

Mzee Elieza: Sikupiga simu, mama.

Anastazia: Najua. Nilisikiliza gari muda wote. Halikuja.

Simu ilipokatika tulikuwa tumesimama wote, watu wazima, tunapigana mabega. Kati ya wapita njia waliosimama kuhesabu alikuwepo Munira, mwanafunzi wa chuo, mgeni pale kijiweni. Alikuwa ameshika kashata yake, anatabasamu kwa ajili yetu.

Munira: Hongereni jamani! Kwa hiyo amekuwa wa ngapi?

Tukatazamana. Wizara akamtazama Kiberenge, Kiberenge akamtazama Abubakari, Abubakari akachungulia ndani ya birika. Siku nne tulikuwa na kidoti kimoja. Kama kulikuwa na vingine, hatukuwahi kuviona.

Wizara alianza kufungua simu atafute. Mzee Elieza akaufunika ule uso wa simu kwa kiganja chake chote.

Mzee Elieza: Zima. Amefika.