Ismay Sugden, Mchoraji wa Hollinroyd

Marehemu Ismay Verona Sugden alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 New Amsterdam, Guyana, kifungua mimba wa seremala Clement Cadogan na mkewe Una. Alisoma shule ya kanisa, ambako alifundishwa kuchora kwa kunakili kalenda yenye picha za malisho ya Uingereza, huku mto Berbice ukipita nje ya dirisha.

Mwaka 1957 alihamia Hollinroyd, Yorkshire. Mchana alifanya kazi kiwanda cha sufu, jioni akasoma chuo cha sanaa, akahitimu 1963. Kiwandani alikutana na Walter Sugden, fundi wa mitambo ya kufumia; wakafunga ndoa tarehe 18 Aprili 1964. Mama yake Walter hakuja kanisani. Alikuja miaka miwili baadaye, binti yao Hazel alipozaliwa, akaweka keki ya tangawizi mezani na kumpokea mtoto.

Ismay alichora Hollinroyd tu: mawe, vilima, mvua. Rangi yake nyeusi aliipata kwa kukwangua masizi ukutani mwa kiwanda na kuyachanganya na mafuta. Mwaka 1971 jumba la sanaa la mji lilinunua picha yake ya Mtaa wa Bankfoot, likaitundika chumba cha sanaa za ng'ambo, kati ya vinyago na vitambaa. Alikwenda kuomba ihamishiwe chumba cha picha za Yorkshire. Msimamizi akamweleza kwa upole kwamba weusi ule ulibeba huzuni ya kwao.

"Kwetu wapi, bwana? Hayo ni masizi ya ukuta wako. Toka nje upitishe kidole."

"Lakini wewe hasa, mama, unatoka wapi?"

"Bankfoot. Nimekuja kwa miguu."

Badala ya kuhamishwa, picha ikapelekwa stoo. Kila alipoajiriwa msimamizi mpya, Ismay alivaa koti lake zuri akaenda tena. Walter alimtania kwamba anakwenda kuwaamkia wenye mji. "Mwenye mji ni mimi," alimjibu. "Wao nawakumbusha tu." Baadaye kuta za mji zilisafishwa masizi, mawe yakarudi kuwa ya manjano, na vijana wakadhani mtaa ule mweusi aliubuni.

Mwaka 2006 mapafu yake yalianza kushindwa. Miaka miwili baadaye jumba lilitaka kuitundika picha katika maonyesho ya wasanii wahamiaji. Walter alimsihi akubali, angalau aione ukutani kabla hajafumba macho.

"Nikikubali, Walter, nitakuwa nimewaambia nilikuja kutembea tu. Na nikifa msiwakubalie kwa kunihurumia."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Februari 2009. Picha hakuiona tena.

Ameacha mumewe Walter, binti yake Hazel, wajukuu wawili, na mdogo wake Eulalie, New Amsterdam. Jana jumba la sanaa lilileta maua pamoja na ombi lile lile. Maua Walter ameyapokea. Ombi amelirudisha.

Mungu amlaze pema, katika udongo wa Hollinroyd.